Chumba cha Tele cha Maman Directrice

Miaka ile ya vita, askari walipopita barabarani, watu wa Bukavu walipunguza sauti ya redio. Ungeweza kujua doria imefika wapi kwa kusikiliza nyumba zikinyamaza, moja baada ya nyingine, zikipanda na mlima. Homu yetu ilifanya kinyume. Homu ndivyo tulivyoita jengo la kulala wanafunzi, na yetu ilikuwa ya wasichana wa chuo kikuu. Buti za askari zikisikika nje, mwanamke mmoja mfupi, aliyevaa koti la kiume juu ya kitenge, aliinuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaongeza sauti. Hakutoa maelezo. Alirudi kwenye kushona kwake, na sisi tukabaki tunatazamana, mtangazaji akituhubiria kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Tulimwita Maman Directrice, yaani mama mkuu wa homu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa bureau, ofisi yake, lakini sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyelitamka. Wala sitasema hapa alizaliwa wapi na ni binti wa nani. Hakupenda kuulizwa. Katika mji ambao swali la kwanza, hasa miaka ile, lilikuwa wewe ni mtu wa wapi, yeye alijibu kwamba ni mtu wa mlango wa kwanza kushoto, ukiingia tu. Tulichojua ni kwamba alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi katika lise, shule ya sekondari ya wasichana, kwamba alikuwa mjane, na kwamba chuo kilipomkabidhi homu kilidhani kimepata mtu wa kugawa vitanda na kufunga lango jioni. Walikuwa hawamjui.

Televisheni ilikuwepo tangu zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haikamati kitu isipokuwa kituo cha mji. Waasi walipouchukua mji, kituo hicho kikaanza kusema maneno yao tu. Maman Directrice alikisikiliza kwa muda, akasema sasa anataka kusikia na wengine. Akakumbuka antena moja kubwa, ya sahani, iliyobaki katika bustani ya Wazungu waliokimbia vita vya kwanza, vile vilivyotangulia hivi vyetu. Nyumba ile ilikuwa mikononi mwa parokia, na mlinzi alikuwa ameigeuza antena kuwa paa la kuku wake. Padri wa parokia alimwambia kwamba wasichana wanahitaji sala kuliko tele. Yeye hakubishana. Alimngojea tu kila asubuhi kwenye mlango wa sakristia, misa ikiisha, akamsalimia na kumuuliza habari za kuku, mpaka padri akachoka. Alimwambia aichukue antena yake, aende nayo, na amwache anywe chai.

Tuliibeba wenyewe kichwani, kwa kupokezana, katikati ya mji. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari walitusimamisha, mmoja akauliza hiki ni kitu gani. Sisi tuliobeba tulikuwa tumekwisha kupatana njiani tuseme ni karai kubwa la arusi. Maman Directrice hakutupa nafasi.

"Ni antena," alisema. "Tunaenda kuangalia nayo habari yenu."

Askari akacheka, akateremsha kamba tukapita. Nafikiri alidhani anasifiwa.

Siku ya kuifunga alipanda mwenyewe juu ya mabati, amevaa suruali chini ya kitenge, jambo ambalo majirani walilizungumzia mpaka Krismasi. Fundi alijitolea, akakataa. Alisema fundi atatafuta kwa bahati na yeye atatafuta kwa hesabu. Mmoja wetu alikaa mbele ya televisheni, mwingine dirishani, na mimi chini ya ngazi, tukipokezana maneno. Picha iko? Haiko. Na sasa? Iko na manyunyu tu. Mvua ikaja, mvua ile ya Bukavu isiyobisha hodi, tukamwomba ashuke. Hakushuka. Picha ilipotulia ilikuwa ya bwana mmoja anayesoma habari kwa Kiarabu, nasi tukapiga vigelegele kana kwamba tunamwelewa.

Tangu hapo chumba kile kikawa na sheria zake. Habari kwanza, mengine baadaye. Na habari zenyewe si za upande mmoja. Siku ambazo antena ilikubali tulisikia Kinshasa, tukasikia Kigali iliyowaunga mkono waasi, tukasikia Wazungu, tukamaliza na kituo cha mji. Aliyeguna alitolewa nje. "Tutasikia bote," ndilo lilikuwa neno lake, yaani wote. Aliwaambia hivyo waliotaka Kinshasa izimwe, na aliwaambia hivyo hivyo waliotaka Kigali izimwe.

Mwenzangu wa chumba, Espérance, aliyekuwa anasomea sheria, alikuwa amefiwa na kaka yake karibu na Kamanyola mwanzoni mwa vita. Siku moja alisimama katikati ya habari akasema hawezi kukaa akiwasikiliza waliomuua kaka yake wakidanganya. Maman Directrice alimwacha amalize. Kisha akamwambia, kwa sauti ya darasani, kwamba uongo wao ndio wa kusikilizwa vizuri kuliko yote, maana ipo siku yeye Espérance atasimama mbele ya watu na kuujibu neno kwa neno, na hataweza kujibu alichokataa kusikia. Espérance alilia sana jioni ile, lakini hakutoka.

Msidhani nasimulia habari za mtakatifu. Alitutawala kwa mkono mzito kuliko waasi wenyewe. Katika sinema, watu wawili wakianza kukaribiana midomo, alisimama mbele ya tele akatandaza kitenge chake kwa mikono miwili, akawa anageuza shingo kuchungulia kama wamemaliza, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyeona yote. Sinema za bunduki alizipiga marufuku. Alisema bunduki tunaziona bure pale barabarani. Aliyechelewa kurudi alifagia uwanja, hata kama baba yake ni profesa. Akikasirika alituita "mademoiselle," akipendezwa alituita "mama," na salamu yake ya asubuhi ilitosha kutujulisha siku itakuwaje. Mbele ya askari hakupepesa macho, lakini panya akipita jikoni alipanda juu ya benchi na kutuita sote kwa majina. Kulikuwa na mchezo wa mapenzi kutoka Amerika ya Kusini uliokuja kila jioni. Aliuita upuuzi wa matajiri wasio na kazi. Hata hivyo kila jioni, mchezo ukianza, alikuwa na nguo ya kushona, na muda wote ule sindano haikutembea.

Na alikuwa bahili wa mazutu, mafuta ya dizeli. Koranti, umeme wa mji, ilikatika kila mara, na grupu yetu ndogo, jenereta iliyokohoa kama mzee, iliwashwa kwa ajili ya habari tu, kisha ikazimwa hapo hapo, hata kama sinema imefika mahali patamu. Namkumbuka akivunja sheria hiyo mara moja. Mtangazaji alikuwa ametaja mapigano katika uwanda wa Ruzizi, akataja Sange, akapita. Mama yangu alikuwa Sange. Barabara ilikuwa imefungwa, simu hakuna. Maman Directrice hakunipa pole. Aliniambia nikae karibu na tele, akatoka, nikasikia grupu inawaka. Iliwaka mchana wote. Alikaa nami, akihamisha vituo kimoja baada ya kingine, tukimngojea mtu yeyote duniani ataje tena jina la Sange. Hakuna aliyelitaja. Mazutu yote ya homu yaliisha siku ile, na tulipobaki bila taa hakuna aliyenung'unika mbele yangu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupita chumba kwa chumba kuwaonya. Baadaye sana, mfanyabiashara mmoja aliyepanda kwa miguu kutoka uwandani aliniletea habari kwamba mama yuko hai, amevukia Burundi na mbuzi wake mmoja.

Kisha kuna siku ya mpira.

Ilikuwa mchana, mechi ya timu za taifa, na mji mzima haukuwa na koranti. Askari walisikia grupu yetu ikinguruma kwa habari za mchana, wakaja kundi zima, komanda wao mbele. Kila msichana alijua maana ya askari kuingia katika nyumba ya wasichana, hatukuhitaji kuelezwa. Tulianza kupanda ngazi kimya kimya, viatu mkononi. Maman Directrice alitoka, akavuta lango akalifunga nyuma yake, yeye akabaki nje pamoja nao na sisi ndani. Tulimsikia kupitia madirisha.

Komanda alikuwa kijana, na alianza kwa adabu. Alisema vijana wake wamechoka, wanataka mpira tu. Maman Directrice akamjibu kwamba mwanaume haingii homu, hata baba mzazi akija na mihogo anaishia pale langoni. Komanda akasema televisheni ni mali ya serikali, na serikali sasa ni wao.

"Kama ni ya serikali, beba," alisema. "Nitakutolea tele na antena, mimi mwenyewe, mubebe muende. Lakini hapa ndani hamutaingia."

"Maman, unajua niko na uwezo ya kuingia."

"Najua. Na weye unajua mimi sitatoka hapa mbele ya mulango. Sasa angalia kama mupira iko na bei ile."

Halafu tukasikia buti zikigeuka. Mmoja wao, kwa hasira au kwa aibu, akaielekezea antena bunduki na kufyatua. Tuliokuwa ngazini tulilala chini wote. Tulipoinua vichwa alikuwa ameingia, akatuambia kwamba tundu dogo kama lile haliwezi kuzuia kitu, na kweli jioni ile habari zilikuja kama kawaida. Lakini alipochukua nguo yake ya kushona hakuweza kutunga uzi. Alijaribu, akajaribu tena. Espérance akamchukulia sindano, akamtungia, akamrudishia.

Vita vilipozoeleka, kama vitu vyote vibaya vinavyozoeleka, chuo kilipata intaneti ya setelaiti. Maman Directrice aliwazungusha wakubwa mpaka wakakubali waya uvutwe kutoka fakultee, majengo ya masomo, juu ya miparachichi, hadi kwetu. Tukapata kompyuta chache kuukuu katika chumba kilichopakana na chumba cha tele. Tuliingia humo bila viatu, kwa ajili ya vumbi.

Lazima nieleze chumba kile kilikuwa na maana gani. Nchi ilikuwa imekatwa vipande viwili. Kutoka Bukavu kwenda Kinshasa barua haikufika, simu haikufika, na mwenye jamaa ng'ambo ile aliishi kama mwenye jamaa kuzimu. Kaka yangu alikuwa ameenda Kinshasa kusoma kabla ya vita, na tangu hapo sikuwa na habari zake. Zamu yangu ilipofika niliandika maneno mawili kwenye anwani ya shule yake: uko hai? Jibu lilikuja baada ya siku nyingi: niko, na mama je? Nililisoma nimesimama. Maman Directrice alikuwa karibu, amegeukia dirisha. Hakuwahi kutazama kioo cha mtu mwingine, hata mtu huyo alipokuwa analia mbele yake. Aliniambia tu nimalize haraka nimjibu kaka yangu, wenzangu wanangoja.

Lakini kwa waliotutawala, Kinshasa ilikuwa adui, na anayemwandikia adui alikuwa adui. Watu wa usalama walikuja wakasema mtu wao atakaa katika chumba cha kompyuta. Maman Directrice hakukataa. Alitukusanya, akamsimamisha yule bwana mbele yetu, soksi zake zimetoboka vidoleni kwa kuwa alikuwa amemvua viatu kama kila mtu, akatangaza kwamba papa huyu, yaani baba huyu, amewekwa hapa asome tunachoandika, basi tumsalimie. Tukamsalimia kwa pamoja, kwa heshima zote. Bwana wa watu hakujua aangalie wapi. Tangu siku ile tukaandika kwa lugha za nyumbani. Mashi, Kirega, Kihavu. Mimi na kaka yangu tukaandikiana Kifuliiru, ambacho nilikuwa karibu kukisahau. Mtu wa usalama alikaa nyuma yetu, akitazama maneno yakipita kama mtu anayetazama mvua.

Walipochoka na mchezo huo walimwita Maman Directrice mwenyewe kwenye ofisi yao. Walitaka awape maneno ya siri ya kufungulia imeli zetu. Aliondoka asubuhi na koti lake, akatuachia maagizo kuhusu maharage. Hakurudi.

Yule padri wa antena ndiye aliyekwenda kumwulizia. Aliporudi alitueleza kwamba wamemfunga, na kwamba ofisa mmoja alimlalamikia kama mtu aliyeonewa: huyu mama haongei kitu kingine, anasema tu kwamba hafungui barua za watoto wa watu.

Chuo kilimtuma katibu aje kufunga chumba cha kompyuta mpaka hali itulie. Espérance alisimama mlangoni akamwomba, kwa Kifaransa chake cha sheria, amri ya maandishi yenye sahihi. Katibu hakuwa nayo. Akaenda kuitafuta, na hakuna aliyetaka kuiwekea sahihi yake. Sisi tukabaki ndani kwa zamu. Tuliandika kwa kila mtu tuliyemjua, kwa ndugu, kwa masista, kwa wanafunzi wa zamani walioko Ulaya, kwamba wamemchukua Maman Directrice. Mtu wa usalama alikuwepo. Safari hii tuliandika kwa Kifaransa, herufi kubwa, ili asipate shida ya kusoma.

Sijui kama ni maneno yetu yaliyomtoa au ni padri, au walishindwa naye tu. Alirudi Jumapili moja, kwa miguu, amekonda, bila koti. Tulimkimbilia langoni, akatuzuia kwa mkono, akasema ananuka. Alioga, akala, akaja kwenye chumba cha tele, akauliza kama yule mke katika mchezo wa mapenzi amekwisha kumsamehe mume wake. Tukamwambia bado.

"Anafanya muzuri," alisema.

Kuhusu kule alikokuwa hakusema neno siku ile wala siku nyingine. Ila tangu hapo alilala mlango wa chumba chake ukiwa wazi, hata majira ya baridi ya Julai. Na kesho yake asubuhi aliketi katika chumba cha kompyuta, akaita mwenye zamu ya kwanza.

Watu wengi wanaomsifu leo huishia hapo, kwa sababu kuwakabili askari wa adui ni sifa isiyo na utata. Mimi naona kazi yake ngumu zaidi aliifanya dhidi yetu.

Kulikuwa na msichana mmoja, Naomi, Munyamulenge, aliyetoka milima ya juu kule Minembwe. Mji ulikuwa umewaweka watu wa kabila lake wote, wenye lugha iliyo karibu na ya Kigali, katika kapu moja na wenye bunduki. Katika chumba cha tele viti vilivyomzunguka vilikuwa vitupu daima. Maman Directrice alihamishia kushona kwake kando ya Naomi, akakaa hapo miaka yote. Lakini hakumbembeleza pia. Tele ilipoonyesha vijiji vilivyochomwa na upande ambao baadhi ya ndugu zake Naomi waliupigania, na Naomi akainamisha uso, alimgusa kiwiko.

"Angalia, mama. Na weye utasikia bote."

Ikafika wakati mapigano yakaingia tena ndani ya mji wenyewe, na yalipopoa, hasira ikabaki inatafuta mtu. Asubuhi moja umati ulifika langoni. Hawakuwa askari. Walikuwa vijana wa mtaa tuliowafahamu, na nyuma yao baadhi ya wanafunzi wenzetu wa kiume, waliokuwa wakija kutuazima madaftari. Walimtaka Naomi. Walisema ni mpelelezi, kwamba kwenye kompyuta zile ndiko alikokuwa anauza mji.

Maman Directrice alitoka tena, akavuta lango tena nyuma yake. Nilikuwa dirishani na nilimwona ni mdogo mno. Aliwaambia Naomi ni mtoto wa homu yake kama wengine, na kompyuta alikuwa akiitumia kumwandikia mjomba wake habari za ada. Wakapiga kelele. Mmoja akamuuliza yeye, mtu aliyefungwa na hao hao, anawezaje kuwalinda. Akangoja kelele ipungue.

"Askari walikuja na bunduki, nikabakatalia," alisema. "Sasa nyiye nitabaitikia juu ya nini? Juu muko batoto ba hapa?"

Jiwe likapiga lango. Hapo nikaona Espérance anashuka ngazi. Alikuwa miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kukaa karibu na Naomi, na kila mtu alijua sababu yake. Alifungua lango, akatoka, akasimama kando ya Maman Directrice. Alisema kwa sauti ndogo, umati ukalazimika kunyamaza ili umsikie. Alisema wengi wao walimjua kaka yake, walicheza naye mpira, walimlilia. Kisha akasema asimsikie mtu akitumia jina la kaka yake kwa kazi waliyoijia.

Mimi nilikuwa wa tatu kutoka, na baada yangu sikuhesabu. Tulisimama tu, wasichana wa homu nzima, wengine bado na nguo za kulala, mpaka wale vijana wakaanza kutazama viatu vyao na kupungua kutoka nyuma. Naomi aliondoka baada ya siku chache, ndani ya gari la wafadhili lililokwenda mpakani. Sitawadanganya kwamba yeye na Espérance walikuwa marafiki. Lakini nasikia wanaandikiana.

Vita vilikwisha kwa namna vilivyokwisha. Waliopigana walitia sahihi, na wengi wa wale waliotutawala kwa bunduki walivua sare wakavaa suti, wakapewa ofisi. Maman Directrice alistaafu akaenda kuishi Katana kwa mpwa wake. Mimi niliajiriwa katika utawala wa chuo. Mwaka mmoja ikaamuliwa wafanyakazi wa zamani watunukiwe diploma ya sifa, na jina lake likawa la kwanza. Nilitumwa mimi kumpelekea habari.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akichambua maharage, macho yamefifia, sauti ile ile. Alinitambua nilipokohoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza diploma hizo zitatolewa na mkono wa nani. Nilikuwa nimeomba Mungu asiulize. Nikamtajia mgeni rasmi. Alikuwa mmoja wa wakubwa wa waasi siku zile, sasa mheshimiwa. Alichambua maharage kwa muda, akitupa mabovu kwa kuku. Nikaanza kumwambia kwamba tutaelewa kama hatakuja.

"Nitakuja," alisema. "Nani alikuambia sitakuja?"

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Aliketishwa mstari wa mbele, kitenge kipya, mikono magotini. Mgeni rasmi alipoingia na walinzi wake, mwendesha sherehe alituomba tusimame tumpokee, na ukumbi wote ukasimama, maprofesa, mapadri, wanafunzi, mimi pia. Maman Directrice hakusimama. Mgeni alipita mbele yake, akasita, akatabasamu kama watu wa suti wanavyojua. Mwendesha sherehe, kijana mwenye adabu, akaona, akasema kwenye mikrofoni kwamba mheshimiwa atuwie radhi, maman wetu umri umeenda, miguu inamsumbua.

"Miguu yangu iko muzuri," Maman Directrice alisema. Hakuhitaji mikrofoni. "Gari ya Katana iliniacha Nyawera, nimetoka kule mpaka hapa kwa miguu."

Mgeni rasmi alibaki amesimama pale, tabasamu bado usoni, akingoja mtu afanye kitu. Mkuu wangu wa kazi alikuwa kando yangu. Alinitazama kwa jicho la kuniambia niende nikamnong'oneze yule bibi, nimwinue kwa upole.

Nilivuta kiti changu nikakaa. Nyuma yangu, upande walikopangwa wasichana wa zamani wa homu, nikasikia kiti kimoja kinalia sakafuni, halafu kingine, halafu vingi.